SOMO: AC ya nyumbani inajizima yenyewe? Shika saa kwanza kabla hujaita fundi wa gesi

Wakuu habarini za joto. Tangu Disemba imeingia simu yangu haipumziki, na kila anayepiga ni yale yale, fundi AC inajizima njoo na mtungi wa gesi. Jamani gesi ya AC sio mafuta ya gari kwamba inatumika inaisha, inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka na miaka, ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Mimi mwenyewe kabla sijaingia kwenye hii kazi nililipia gesi mara 2 ndani ya mwaka mmoja na ugonjwa ulikuwa waya umelegea kwenye breka, kwahiyo naongea kwa uchungu.

Naongelea split za kawaida za ukutani, ile ya ndani na mwenzake wa nje.

HATUA YA 1: Jua nini kimezima. Kama chumba kimeshapoa na kilichonyamaza ni cha nje tu, cha ndani bado kinapuliza, hamna tatizo hapo, imefika joto uliloweka kwenye rimoti inapumzika, itarudi yenyewe. Kompresa (ile pampu ya cha nje inayosukuma gesi) nyingi zikisimama zinasubiri kama dakika 3 ndo ziwake tena, usiibonyeze bonyeze. Za inverta zenyewe hazisimami hovyo, zinapunguza mwendo. Ila kama cha nje kimezima na chumba bado moto, au vyote viwili vimezima, endelea kusoma. Na angalia rimoti kama kuna alama ya saa au ya mwezi, msicheke, nimeshapanda daladala mbili kwenda kutoa taima.

HATUA YA 2: Shika saa. Hii ndo roho ya somo. Andika imewaka saa ngapi, imezima saa ngapi, imerudi baada ya muda gani, fanya hivyo siku 2 au 3.

Ikiwaka tu breka inaruka hapo hapo, usiirudishe rudishe, hapo kuna shoti au kompresa imekufa, muite fundi. Breka ikiruka baada ya nusu saa na ukisogeza mkono karibu yake unasikia joto au harufu ya plastiki, zima meni switchi, mara nyingi ni skrubu imelegea au waya mwembamba, kuna watu wanafunga AC kwa waya wa taa wa milimita 1.5 halafu wanashangaa.

Ikizima saa 7 mchana mpaka saa 10 jua likiwa kali, ikakaa nusu saa au zaidi ndo ikarudi, hiyo kompresa inachemka na ovalodi yake, yaani swichi ya kinga, inaikata isiungue. Nenda nje kaangalie. Mapezi, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, yamejaa vumbi? Kuna mtu kaanika godoro mbele yake? Feni inavuma tu haizunguki? Kapasita, kile kikopo kinachosaidia feni na kompresa kuanza, ikiwa imevimba juu imekufa, bei yake ndogo, ila usiiguse kwa mkono hata kama umezima umeme maana inatunza chaji. Kwa sisi wa pwani chumvi inakula yale mapezi mpaka yanamong'onyoka, nyumba ya karibu na bahari osheni ya nje mara kwa mara kwa maji ya taratibu, sio ya presha.

Ikizima saa 1 usiku mpaka saa 4, muda ambao mtaa mzima umewasha kila kitu, pima umeme. Wetu ni volti 230, ukikuta 180 kompresa inaweza kushindwa kunyanyuka, na kama una gadi (kile kifaa cha kulinda vyombo umeme ukiyumba) yenyewe ndo inakata, inakulinda usiitukane.

Ikienda masaa 2 au 3 huku upepo unapungua, mwisho inadondosha maji, fungua kava uangalie barafu. Osha filta kwanza, iache iyeyuke kabisa, washa tena. Ikiganda tena na filta safi, sasa hapo ndo tuongelee gesi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tanga: Mkuu fundi wangu anajazia gesi kila baada ya miezi 6, ni sawa?
Jibu: Sio sawa, anakufanya mteja wa kudumu. Apake povu la sabuni kwenye nati za mabomba atafute panapovuja, azibe, ndo ajaze. Na asome kibandiko cha nje, aina za gesi kama R22, R410A na R32 hazichanganywi, na R32 inashika moto.

Mdau: Yangu taa inapepesa halafu inazima, ni inverta.
Jibu: Hesabu inapepesa mara ngapi kabla hujachomoa umeme, kila kampuni ina maana zake, ziko kwenye kitabu au kibandiko ndani ya kava. Nje pia fungueni mwangalie bodi, mijusi na sisimizi wanapenda joto la pale wanapiga shoti.

Mdau: Gadi ya tivi inafaa kwa AC?
Jibu: Hapana, itaungua. Na gadi haipandishi umeme, inakata tu. Ukitaka kupandisha ni stebilaiza, kwa AC ya 1.5HP isiyo inverta mi nafunga ya kVA 5 kwasababu inapoanza inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya ikishatulia.

Mdau wa Tabata: Yangu inazima saa 8 usiku kamili, nimebadilisha kapasita bado.
Jibu: Kamili kila siku? Haijawahi kuwa saa 8 na robo?
Mdau wa Tabata: Kamili mkuu.
Jibu: Rimoti anashika nani hapo nyumbani?
Mdau wa Tabata: Aisee. Mama mkwe yuko hapa tangu wiki iliyopita na anasemaga baridi.