Mtoto Akizidiwa: Kabla, Wakati na Baada

Wapendwa, somo hili niliahidi zamani nikawa nalipiga danadana. Leo nalimaliza. Mimi si daktari. Ni baba wa kijana wa miaka tisa mwenye usonji (autism), na karibu kila ninachokiandika hapa nilikifanya vibaya kwanza ndipo nikajifunza.

Neno "kuzidiwa", yaani sauti, mwanga na mengine yanapomlemea mtoto mpaka ashindwe kujizuia, nimelichagua makusudi. Mgonjwa akizidiwa hatumgombezi. Tunampisha, tunafungua dirisha, tunashusha sauti. Shikeni hilo, mengine yatafuata.

Niwape kisa. Tulikuwa chumba cha kusubiri cha kliniki moja. Taa ndefu ya dari ilikuwa inapepesa, feni inalia kwi-kwi, na kila anayekuja kuketi anaburuta kiti cha plastiki sakafuni. Kijana wangu akaanza kusugua mshono wa ndani wa shati kwa kidole gumba. Akauliza, "Tunatoka lini?" Nikajibu. Akauliza tena, na tena, sasa amesimamia vidole vya miguu. Mimi nikafungua mdomo: "Tulia. Nimeshakwambia. Si muda mrefu. Acha hilo shati. Huoni watu wanakutazama? Baba nimechoka. Kaa vizuri." Sentensi saba kwa pumzi moja. Akajitupa chini, akaanza kugonga kisogo kwenye sakafu. Nikamkamata mikono, akaning'ata.

Aliyetuokoa ni dada wa usafi, na hakusema neno. Alizima taa. Akakunja kitambaa kikavu akakisukuma chini ya kichwa cha mtoto. Kisha akasimama katikati yetu na wale watu, ametupa mgongo, ameegemea fagio lake kama mtu anayesubiri usafiri. Robo saa hivi. Kijana akajikunja, akanyamaza, akalala palepale. Yote nitakayowaambia yanatoka kwa yule dada.

Hatua ya 1: Jua unachokitazama

Kisirani kina shabaha. Mtoto anataka kitu, analia huku anachungulia kama unamwona, na akikipata kimeisha. Kuzidiwa hakuna shabaha. Hata ukimpa alichokuwa anakililia, mwili unaendelea, na hajali nani anamtazama. Ila msiufanye mpaka huu kuwa ukuta. Kinaweza kuanza kisirani cha kawaida, kelele zikaongezeka, kikageuka kuzidiwa katikati ya safari. Ukishakuwa na shaka, mchukulie kuwa amezidiwa. Ukikosea upande huo hakuna aliyeumia.

Wako pia wanaozidiwa kimyakimya. Mtoto anazima: macho yanaenda mbali, hajibu, mwili mzito kama gunia. Huyu husifiwa kuwa mpole, na ndiye tunayemkosa.

Jambo hili si geni. Leo Kanner, daktari aliyeandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wa namna hii huko Marekani, alitaja jinsi walivyoingiwa na hofu kwa sauti na vitu vinavyotembea: lifti, mashine za kufyonza vumbi, maji yanayotiririka, hata upepo. Hata hivyo ilibidi kusubiri mpaka 2013 ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaingiza hisi, yaani namna mtu anavyopokea sauti, mwanga, mguso na harufu, miongoni mwa dalili za usonji. Miaka 70! Katikati hapo, wazazi wangapi waliambiwa watoto wao hawakufunzwa adabu?

Hatua ya 2: Fungua daftari

Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kwa wiki tatu, kila tukio liandikwe: saa ngapi, nini kilitangulia, kilifanyika nini, kiliisha vipi. Kwenye "kilichotangulia" usiishie dakika tatu nyuma. Rudi mpaka usiku uliopita. Alilala vipi? Nguo mpya? Ratiba ilibadilika? Alikula? Alipata choo?

Hilo la choo nalitaja kwa uzoefu. Nilikuwa naapa kwamba tatizo la kijana wangu ni kelele za watu wengi. Daftari likaniumbua. Siku nyingi mbaya zilikuwa siku ya tatu au ya nne bila haja kubwa. Kelele zilikuwepo hata siku nzuri, sema siku nzuri tumbo lilikuwa jepesi. Watoto wenye usonji husumbuliwa na tumbo na kufunga choo zaidi ya wengine, na wapo wasioweza kusema "naumwa hapa", hata wale wanaoongea vizuri. Jino, sikio, tumbo: tukio likianza ghafla kuongezeka, anza na mwili kabla hujatafuta sababu za tabia. Mpeleke akapimwe.

Jambo jingine utakaloliona ni kwamba mizigo hujumlishwa. Lebo ya shati peke yake anaivumilia. Lebo na usingizi mdogo, bado. Lebo, usingizi mdogo na taa inayopepesa, hapo anazidiwa. Watu wataona taa tu, wataona "kitu kidogo".

Hatua ya 3: Jifunze alama zake za mwanzo

Kila mtoto ana zake. Wangu ni mshono, swali lile lile na vidole vya miguu, kwa mpangilio huo. Wa rafiki yangu anaanza kuimba. Andika tatu, zibandike mahali pa wazi, walezi wote wazijue. Kati ya alama ya kwanza na ya tatu una dakika chache za kufanya kitu. Baada ya hapo huna.

Hatua ya 4: Punguza kabla hayajafika

Kata lebo za nguo. Zima redio ambayo hakuna anayeisikiliza. Badilisha taa inayopepesa. Mwonyeshe kwa picha siku itakavyokwenda, na ikibadilika, geuza picha mbele yake ili aone badiliko kwa macho. Mtengee kona moja ya nyumba ambayo haitumiki kwa adhabu hata siku moja. Ukimfungia humo mara moja tu kwa kosa, kona imekufa.

Mkiwa nje, panga njia ya kutokea kabla ya kuingia. Na ondoka mapema. Sherehe ya nusu saa iliyoisha vizuri inamfundisha kwamba sherehe zinawezekana.

Hatua ya 5: Wakati wenyewe

Fanya kidogo. Mtoto aliyezidiwa hafundishiki. Maneno yako yote wakati huo ni kelele nyingine.

Ondoa vitu vya kuumia, weka kitu laini chini ya kichwa. Punguza mwanga na sauti. Toa watu. Keti pembeni yake, chini, usimkabili uso kwa uso wala kumlazimisha akutazame. Chagua sentensi moja fupi, "nipo hapa" inatosha, iseme mara moja kisha unyamaze. Kumkumbatia ni kwa mtoto ambaye unajua kabisa kwamba kukumbatiwa kunamtuliza; wengine mguso unawaunguza. Usimshike kwa nguvu isipokuwa kumtoa kwenye hatari kama barabara au moto, na umwachie mara tu hatari ikipita. Kumlaza kifudifudi na kumkandamiza mgongo ni marufuku, maana kunaweza kumkata pumzi akafa.

Na simu yako ibaki mfukoni. Hakuna video.

Hatua ya 6: Baada

Atachoka kama aliyekimbia mbio ndefu. Maji, blanketi, kimya. Usimhoji. Usimwombe aombe radhi. Adhabu hapa ni sawa na kumchapa mtu kwa sababu alitapika. Mazungumzo yaje kesho yake au baadaye zaidi, kwa kuchora kama maneno ni shida: "Hapa ulikuwa sawa. Hapa kukawa kugumu. Kipi kilikuumiza?" Mimi nilichorewa feni.

Nawe keti. Mikono ya mzazi hutetemeka baadaye, si wakati ule.

Hatua ya 7: Watazamaji

Andaa sentensi moja: "Ana usonji, amezidiwa, tunahitaji nafasi tu." Usijieleze zaidi. Anayetaka kusaidia mpe kazi: azime taa, azuie njia, ashike mkoba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Pacha: Asante kaka. Mume wangu anasema nikinyamaza hivyo mtoto atanizoea na kunitawala. Tunagombana kila siku.

Jibu: Dada, hofu yake naielewa, nilikuwa nayo. Kunyamaza hakumaanishi kukubali alichokuwa anakitaka. Kama ulisema hapana, inabaki hapana hata baada ya kutulia. Unachoahirisha ni somo, mpaka awepo mwanafunzi. Usibishane naye kwa maneno. Mpe daftari la hatua ya pili aandike yeye.

Mwalimu wa Darasa la Pili: Nina watoto wengi, siwezi kuketi sakafuni na mmoja. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, nguvu zako ziweke kwenye hatua ya 3 na 4. Mweke mbali na mlango na feni. Mpe kadi anayoweza kuinua bila kusema, atoke dakika tano mahali mlipokubaliana na mtu mzima yupo. Wiki ya kwanza ataitumia hovyo, vumilia, anajaribu kama ni kweli. Na darasa lako linasoma kutoka kwako: ukimtazama kwa utulivu, nao watarudi kwenye madaftari yao.

Bibi Mlezi: Mjukuu wangu wa miaka sita. Kuna mtu ananiuzia matone, anasema yanasafisha usonji tumboni. Je, kuna dawa?

Jibu: Shikamoo bibi. Usinunue. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Kuna matone yanayouzwa kwa maneno hayohayo ambayo ndani yake ni klorini dioksaidi, kemikali ya kung'arishia karatasi na nguo, inaunguza utumbo. Zipo dawa za hospitali, kama risperidone, ambazo daktari anaweza kuandika hasira na kujiumiza vikizidi sana. Hizo husaidia ukali huo tu, nazo zina madhara yake, uzito ukiwemo, kwa hiyo hutolewa kwa uangalizi. Na bibi, akianza kukodoa macho bila kusikia, au kukakamaa na kutetemeka mwili, usihesabu kuwa amezidiwa. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine. Huyo ni wa kupelekwa hospitali.

Hedifoni: Mwanangu hataki kuvua vizibo vya masikio hata nyumbani kukiwa kimya. Nimwache?

Jibu: Usimvue kwa nguvu. Ila masikio yanayozibwa kutwa nzima huweza kuzoea ukimya, na sauti za kawaida zikazidi kuuma. Anza na dakika chache bila vizibo kwenye kona yake, akifanya anachokipenda, na yeye ndiye aseme "basi".

Nimechelewa Kujijua: Nina miaka 31, mwanamke, nimeambiwa nina usonji mwaka huu. Kazini natabasamu kutwa, nikifika nyumbani siwezi hata kuongea na mume wangu. Mnaongelea watoto tu. Sisi je?

Jibu: Umenishika, ni kweli. Hapo umezima, na unazima nyumbani kwa sababu ndipo penye usalama. Kutwa nzima ya kuigiza ni mzigo kama kelele. Hatua zote hizi ni zako pia, tena wewe unaweza kuzipanga mwenyewe. Mwambie mume kabla, siku ambayo umetulia: "Nikinyamaza sijakukasirikia, nipe saa moja." Kubalianeni ishara. Waliozidiwa wakiwa watu wazima ndio walimu wangu wakubwa, kwa hiyo ukiona nimepotosha hapo juu, nirekebishe bila haya.

Nimechelewa Kujijua: Moja tu. Umeandika "hajali nani anamtazama". Mimi nilikuwa najali sana, nilikuwa naona kila uso. Sikuweza tu kusimama.

Jibu: Nimelipokea. Nabadilisha: anaweza kuwaona wote, ila hawezi kuacha. Asante, dada.

Mama Pacha: Kaka, nimerudi. Yule bwana alikubali daftari kwa kununa. Leo siku ya tisa. Asubuhi nimeikuta karatasi mezani, mwandiko wake, amepigia mstari mara mbili: "Saa 12 jioni. Pampu ya maji ya jirani. Mara nne kati ya tano." Hajaniambia kitu. Ila jioni hii kabla ya saa 12 amewachukua pacha wote wawili wakazunguke nje, na bado hawajarudi.