Kufuga mbwa wa ulinzi: mlishe, mchanje, mfungue

Huku kwetu Bigwa, Morogoro, mtu akianza kuulizia mbwa, mara nyingi si kwamba anawapenda mbwa, ameibiwa. Kuku wameondoka usiku, au betri ya pikipiki, au nguo zimeanuliwa na asiyezifua. Kesho yake anataka "mbwa mkali". Akimpata anamfunga mnyororo kwenye mwembe, anamnyima chakula ili awe na hasira, na wazee wa kijiweni wakimshauri anamchanganyia pilipili kwenye ugali. Haipiti miezi anakuja kwangu kulalamika: mbwa anabweka mchana kutwa, anawarukia watoto wa nyumbani, na usiku wa kazi analala fofofo. Mimi ni mwalimu mstaafu, daktari wa mifugo siyo, lakini nimefuga tangu nikiwa kazini na majirani wamezoea kuniuliza. Haya ndiyo ninayowajibu.

Kuchagua

Vijana wanataka German Shepherd, jemani shepadi kama wanavyomwita, kwa sababu wamemwona kwenye simu. Ni mbwa mwenye akili kweli. Tangu Max von Stephanitz amsajili wa kwanza huko Ujerumani mwaka 1899 amezalishwa kwa ajili ya kazi. Ila ana manyoya ya tabaka mbili. Lushoto au Njombe utaishi naye vizuri. Dar es Salaam mwezi wa pili utamkuta amejilaza kwenye tope la bomba, ulimi nje. Tena wengi wao wana ugonjwa wa nyonga wa kurithi, hivyo kabla ya kutoa pesa waangalie wazazi wake wanavyotembea na wanavyoinuka kutoka chini. Rottweiler anataka bwana mwenye muda na ukuta wa kweli, siyo uzio wa michongoma wenye matundu. Ridgeback wa kusini mwa Afrika, yule mwenye mstari wa nywele zilizogeuka mgongoni, anastahimili joto, lakini wengi wanaouzwa huku kwa jina hilo ni chotara. Wale Japanese Spitz weupe ni kengele nzuri ya mlangoni, basi.

Mimi namtetea mbwa wa kienyeji. Manyoya mafupi, mwili mwepesi, halagi kingi, na amezaliwa na vizazi vilivyonusurika jua letu na kupe wetu. Mtajiju, jike langu la sasa, ni wa kienyeji mtupu, na anajua mlio wa kila pikipiki ya mtaa huu. (Ndiyo, jina ni ujumbe. Kulikuwa na jirani.)

Ukienda kuchagua mtoto, mwombe mwenye mbwa umwone mama. Mama akikimbilia uvunguni au akitaka kukurarua, watoto wana uwezekano mkubwa wa kumfuata. Kisha chuchumaa. Angusha funguo sakafuni. Unayemtaka ni yule anayeshtuka, halafu anarudi kunusa. Anayebaki amejikunyata pembeni watu humwita mpole. Akikua ndiye atakayeuma kwa woga, na mbwa mwoga anaweza kuuma bila kutoa onyo. Mshike: macho yasiwe na tongotongo, chini ya mkia pasiwe na kinyesi kilichokauka, fizi ziwe na rangi ya waridi. Tumbo lililotuna kama puto juu ya mbavu zinazohesabika ni minyoo, siyo shibe.

Usimchukue kabla ya wiki 8. Anayekuuzia kitoto cha wiki nne kwenye foleni za barabarani anakuuzia mgonjwa, kwa sababu maziwa ya mama na adabu ya kutouma kwa nguvu vyote anavipata kwa mama na ndugu zake.

Chanjo

Mtoto huanza chanjo ya mseto, inayokinga magonjwa ya virusi ya parvo na distempa, akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Dawa ya minyoo huanza mapema zaidi, akiwa bado ananyonya, na mbwa mkubwa hupewa kila miezi mitatu. Ya kichaa cha mbwa ni akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Bwana mifugo akija nyumbani, mwangalie amebeba nini. Chanjo inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Aliyeitoa kwenye mfuko wa suruali saa saba mchana amekuchoma pesa yako. Dai kadi, na ibandikwe lebo ya kichupa.

Parvo ndiyo inayomaliza watoto wengi huku mtaani: anatapika, kisha anahara damu yenye harufu ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Kirusi chake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kama mtoto amekufia hapo uani, usilete mwingine asiyechanjwa. Sakafu ya saruji ioshe kwanza kwa sabuni, kisha kwa Jik, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, uiache dakika kumi kabla ya kusuuza.

Na anayedhani distempa ni mambo ya mbwa wa matajiri, akumbuke Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliua kiasi cha theluthi moja ya simba wa kule, na waliotiliwa shaka ya kuwa chanzo ni mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi.

Kichaa nakiongelea peke yake, kwa kuwa watu wanasubiri mbwa anayekimbia huku anauma kila kitu. Wapo wanaokuwa kimya. Taya linalegea, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, na mwenye nyumba anadhani mfupa umemkwama kooni, anaingiza mkono. Usiingize mkono. Ukiumwa au ukilambwa kwenye kidonda na mbwa usiyemwamini, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, uangalie saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze sindano. Mafuta ya taa, majivu na pilipili havisaidii kitu. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyekuuma, kama anaweza kufungiwa salama, asiuawe. Afungiwe na aangaliwe siku 10, na ofisi ya mifugo ya kata ijulishwe. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huwa na chanjo ya bure. Ulizia kwa mtendaji mapema.

Kupe

Hapa ndipo mbwa wa Morogoro wanapofia, kwa hiyo nivumilie. Jioni, mbwa akiwa amelala, pitisha vidole vyako taratibu dhidi ya mwelekeo wa nywele. Anza ndani ya masikio, hadi kwenye ule mkunjo mdogo wa ngozi ukingoni mwa sikio, nenda chini ya mkanda wa shingo, makwapani, katikati ya vidole, umalizie chini ya mkia. Ukimpata kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumnyonga, mtumbukize kwenye maji ya sabuni. Usimpasue kwa kucha na usimchome na kiberiti.

Lakini unayemtoa ni mmoja tu. Jike lililoshiba hudondoka, hupanda ukuta na kutaga mayai kwa maelfu ndani ya nyufa za banda. Ndiyo maana mtu anaogesha mbwa kila wiki na kupe hawaishi. Ziba nyufa kwa saruji, choma magunia anayolalia, nyunyizia banda lenyewe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe wengi huitumia, na baadhi zina kiambato kinachofaa mbwa, ila kipimo ni kingine kabisa. Muulize daktari, na usipime kwa kizibo cha soda. Mtoto mchanga na jike lenye mimba usiwaguse na dawa hiyo bila ushauri.

Kila Jumapili nawafunua wangu mdomo niangalie fizi. Bonyeza kwa kidole: panakuwa peupe, ukiachia rangi inarudi mara moja. Fizi zilizopauka, mbwa amezira chakula, ana joto, au damu inamtoka puani bila kugongwa, au mkojo una rangi ya chai ya rangi: hayo ni magonjwa ya kupe, na yana tiba ikiwa utamwahisha. Hapa tuna bahati ya hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Usimpe diclofenac wala ibuprofen za dukani. Vidonge hivyo vinaharibu tumbo na figo za mbwa.

Chakula

Ugali wa dona na dagaa unatosha kabisa kuwa msingi, ukiongeza utumbo, damu iliyopikwa au vichwa vya samaki. Dagaa waoshwe, maana wengi huanikwa chini na huja na mchanga. Pumba peke yake siyo chakula. Mtoto ale mara tatu au nne kwa siku, mkubwa mara mbili. Pitisha kiganja ubavuni: mbavu uzihisi bila kuzitafuta, usizione ukiwa mbali.

Yale mahindi yaliyoota ukungu ambayo nyumbani mmeyakataa, usimpe mbwa. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa ni dhaifu zaidi mbele yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, vitunguu huharibu damu yake, chokoleti ni sumu. Mapafu na maini yenye vifuko vya maji kutoka machinjioni yafukiwe au yachomwe, kwani mbwa akiyala anapata tegu ambaye mayai yake hurudi kwa watoto wako kupitia mikono.

Sasa suala la njaa. Mwizi wa siku hizi hapigani na mbwa. Anarusha nyama yenye sumu. Nani ataikimbilia? Yule uliyemnyima. Mbwa aliyekula saa moja jioni anainusa, na kama umemfundisha, anaiacha. Kumfundisha ni hivi: shika kipande cha nyama kwenye ngumi. Atalamba, atakwaruza kwa kucha. Nyamaza. Akirudisha kichwa nyuma hata kidogo, sema "acha" na umpe kipande kingine kwa mkono wa pili. Akishaelewa, fungua kiganja. Kisha weka chini, kiatu kikiwa tayari kuifunika. Kisha mwambie jirani airushe kutoka nje ya ukuta. Tuzo siku zote itoke mkononi kwako, isiwe ile iliyo chini. Ukikuta mbwa anatokwa mate mengi na kutetemeka, usimmiminie maziwa wala mafuta kooni, yataingia mapafuni. Mkimbize kwa daktari pamoja na mabaki ya hiyo nyama.

Mafunzo na mnyororo

Kati ya wiki ya 3 na ya 14 akili ya mbwa iko wazi. Anachokutana nacho kwa amani wakati huo hatakiogopa. Kabla chanjo hazijakamilika mbebe mikononi, asikanyage wanapopita mbwa wengine: aone bodaboda, wanafunzi wanaotoka shule, muuza maji na mkokoteni wake, mzee mwenye kanzu, mama mwenye mwavuli. Wanaokataa mtoto asishikwe na wageni "asije akawa mpole" wanatengeneza mbwa asiyejua tofauti ya mgeni na mwizi.

Maneno ya amri yawe machache na nyumba nzima itumie hayohayo. Baba akisema "njoo", dada wa kazi "hapa" na watoto wakipiga mluzi, mbwa hana kosa. Dakika tano asubuhi, dagaa mfukoni, inatosha. Na usimwite "njoo" halafu ukamchapa, hata kama amekula kandambili yako, mfuate alipo.

Mnyororo sikatai wakati fundi yupo uani. Lakini mbwa anayefungwa mchana kutwa asifunguliwe hata usiku hajui mipaka ya kiwanja chako, hivyo hawezi kukilinda. Mchana akae bandani penye kivuli na maji. Jioni tembea naye kwa kamba kuzunguka ukuta wote kwa ndani, taratibu, anuse kila kona, kila siku. Geti likifungwa, mfungue.

Kuna majirani ambao mate ya mbwa huwalazimu kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu ametia udhu anaelekea msikitini alfajiri, mbwa wako akimfikia umemharibia. Geti lisiachwe wazi saa hizo, na ukimtembeza vuka upande wa pili kabla hujaombwa.

Jike hupata joto takribani kila miezi sita au saba na mimba ni siku 63. Kama hutaki watoto, mpeleke akafungwe kizazi. Dume nalo lihasiwe. Linalozurura hurudi na uvimbe unaovuja damu sehemu za siri, unaoambukizwa kwa kupandana. Unatibika kwa sindano za kila wiki, ila ni gharama.

Ukisafiri, mbwa aachwe kwa mtu ambaye tayari ameshamlisha kwa mkono wake wiki nzima ukiwepo. Mwachie unga na dagaa vya kutosha, kadi ya chanjo, namba ya daktari, na ule mkanda wa shingo wenye namba yako ya simu.