Jinsi makumbusho madogo yanavyopokea na kuazimisha vitu vya kale, hatua kwa hatua

Vitu vingi tulivyo navyo viliingia hivi: mtu kabisha hodi, mkononi ana kitu kimefungwa kwa leso, na ana haraka ya kuondoka. "Nimewaletea, wekeni." Ukimwacha aende hapohapo umepata kitu na umepoteza nusu yake. Nafanya kazi katika makumbusho ya mji mdogo pwani ya Kenya. Hatuna bajeti ya kununua, karibu kila kitu ni zawadi au amana, yaani tunakitunza tu lakini bado ni cha mwenyewe. Ninayoandika hapa ni utaratibu tunaoufuata sisi wenyewe.

Hatua ya 1: Mkalishe mwenye kitu

Mpe kiti, mpe maji, chukua kalamu. Muulize kitu kinaitwaje nyumbani kwao, nani alikitengeneza, nani alikitumia, kilikaa chumba gani, kilimfikiaje yeye. Andika kwa maneno yake, usiyasafishe.

Bi mmoja alituletea mbuzi ya kukunia nazi, ya kukunja, kiti chake kimechongwa maua pembeni. Kwa macho ni mbuzi kama nyingine. Nikamuuliza, "Bi, hii ilikuwa ya nani?"

"Ya nyanya yangu, mwanangu. Hicho chuma si chake cha kwanza. Cha kwanza kilikatika mwaka wa mafuriko, akapeleka kwa mhunzi akatiwa kingine."

Mafuriko hayo ni ya 1961. Kwa sentensi hiyo moja nilijua mbao zimetangulia mwaka huo na chuma kimefuata baadaye, na kwamba mji ulikuwa bado na mhunzi. Hakuna kipimo ambacho kingenipa hayo kwa siku moja.

Kabla hajaondoka mwandikie stakabadhi ya muda: maelezo ya kitu, tarehe, na kwamba kimepokelewa kwa uchunguzi tu, bado ni chake. Sisi tunajipa siku 30 kumjibu.

Hatua ya 2: Je, ni chake kukitoa?

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapopitia mbio.

Anza na mirathi. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye nyuzi za kusukwa na nakshi za pembe, kutoka kwa kaka wa familia moja. Miezi michache baadaye dada zake watatu walikuja. Baba yao alikuwa amefariki, mali haijagawanywa, na hakuna aliyewauliza. Walikuwa na haki, nasi tulikirudisha. Tangu hapo hatupokei kitu cha marehemu bila sahihi za warithi wote, hata aliye Mombasa au Muscat.

Kisha wakfu. Misahafu na vitabu vya kale vya mikono mara nyingi vina maandishi ya Kiarabu kwenye kurasa za mwanzo kwamba ni wakfu wa msikiti au madrasa fulani. Kitu cha wakfu hakiuzwi wala hakitolewi zawadi, hata aliyekileta awe amekitunza miaka 40. Tafuta anayejua kusoma maandishi hayo kabla hujatia sahihi. Unaweza kukipokea kama amana kwa makubaliano na wasimamizi wa wakfu, si zaidi.

Tatu, vitu vilivyoibwa. Kwetu somo lake ni vigango, zile mbao za ukumbusho ambazo Wamijikenda, hasa Wagiriama, huwasimamishia waliofariki wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Kigango kikishasimamishwa hakihamishwi. Lakini vingi viling'olewa vikauzwa kama sanaa. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Kimoja kilikuja kuonekana Illinois State Museum, kingine Hampton University Museum huko Virginia. Picha ile ndiyo iliyothibitisha ni vyenyewe, na mwaka 2007 familia ilikabidhiwa vigango vyake. Mtu akikuletea kigango, hata kwa nia njema, usikipokee kama zawadi. Wasiliana na wazee wa kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda.

Upande wa sheria, Kenya tuna Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa ni cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali cha serikali. Kwa kilichotoka nchi nyingine, mpaka unaotumiwa na makumbusho mengi duniani ni mkataba wa UNESCO wa 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni: uliza kilitoka lini na kwa karatasi gani. Na kitu chenye pembe ya ndovu, kama kiti kile, zungumza na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kukipokea, maana hata kumiliki kuna kibali chake.

Hatua ya 3: Amua, kisha jibu

Andikeni ukurasa mmoja unaosema mnakusanya nini: eneo gani, kipindi gani, vitu vya aina gani. Tuna majiko ya mafuta ya taa sita. La saba tulikataa, tukamweleza mama aliyelileta kwa nini, na tukanakili hadithi yake. Kukataa kwa adabu ni bora kuliko kupokea kitu na kukiachia panya stoo.

Hatua ya 4: Hati na namba

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo wazee walivyosema, na mimi nimeona ikitokea. Hati ya zawadi iseme wazi kwamba umiliki umehama moja kwa moja. Hati ya amana iseme kinyume chake, na iwe na tarehe ya mwisho. Usikubali amana ya milele. Baada ya kizazi kimoja hakuna ajuaye kitu ni cha nani.

Namba yetu ina sehemu tatu: mwaka, mpokeo wa ngapi mwaka huo, kitu cha ngapi ndani ya mpokeo. 2019.7.3 ni kitu cha tatu katika mpokeo wa saba wa 2019. Namba haitumiki mara ya pili hata kitu kikipotea. Daftari liwe la jalada gumu, la kuandikwa kwa mkono, na nakala yake ikae jengo jingine. Kompyuta ni nyongeza.

Namba huandikwaje juu ya kitu? Mbao, chuma na udongo: paka tone la vanishi ya Paraloid B-72 mahali pasipoonekana, ikauke, andika kwa wino mweusi, paka tone jingine juu. Nguo: shona utepe mdogo wa pamba wenye namba. Karatasi: penseli laini. Selotepu usiiguse kabisa. Nina barua ya mwanzoni mwa karne ya 20 yenye mstari wa kahawia katikati, na mstari huo hautoki tena.

Hatua ya 5: Karantini

Kitu kipya kisikutane na vya zamani kabla ya wiki mbili. Kikapu, ukili na mbao za kawaida: funga ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, tia kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 14. Ukikitoa, usiufungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande utakilowesha. Pembe, picha za kioo na vitu vyenye nakshi za kupachikwa visiingie friza. Kwa kufungia ndani ya makasha tunatumia kitambaa cha marekani, yaani pamba isiyotiwa rangi, kilichofuliwa kwa maji matupu.

Hatua ya 6: Kuazimisha

Kitu kikitoka, kitoke na mkataba: nani anaazima, kwa onyesho gani, tangu lini hadi lini, nani anabeba gharama za safari. Bima ilipwe na mwazimaji, kwa thamani mliyokubaliana, tangu kitu kinapotoka kabatini kwako hadi kinaporudi kabatini. Andika pia yale unayodhani kila mtu anayajua. Sinia letu la shaba liliazimwa kwa maonyesho ya siku kumi, likarudi linang'aa kama jipya. Waliokuwa nalo walilisugua kwa ndimu na majivu, kama tufanyavyo nyumbani kabla ya sikukuu. Rangi nzito ya miaka mingi ikaenda. Hawakuwa na nia mbaya. Mkataba wetu haukuwakataza. Sasa unakataza kusafisha, kutengeneza na kupaka mafuta.

Picha tulizolipiga kabla halijatoka ndizo zilizotuwezesha kuzungumza bila ugomvi. Piga kila upande, na kila ufa kwa karibu, rula ikiwa kando.

Kitu chenye pembe ya ndovu hakivuki mpaka wa nchi bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, hata kiwe na miaka 200. Anza kuomba mapema sana.

Unapoazima wewe, soma neno la umiliki kwa makini. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka Uganda vitu 39 vilivyochukuliwa enzi za ukoloni, lakini kwa mkataba wa mkopo wa miaka 3. Vimefika nyumbani, ila kwenye karatasi bado ni vya Cambridge. Tofauti hiyo mweleze mgeni anayesimama mbele ya kabati.

Hatua ya 7: Kurudi

Fungua kasha mbele ya aliyelileta. Linganisha na picha moja baada ya nyingine, andika tofauti yoyote, tieni sahihi wote wawili. Kisha mpigie simu aliyekileta makumbusho mara ya kwanza, au mwanawe, umwambie kimerudi salama.