Ongea na mwanao kabla bumu halijaingia

Mzazi mwenye kijana chuoni hapa Dar, usisubiri usikie kwamba ameonekana amelewa Sinza. Ongea naye mapema, hasa kabla bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, halijaingia, maana hapo ndipo mialiko huanza.

Kumwambia "usinywe" tu hakutoshi. Ana miaka 18, sheria inamruhusu kununua, na wewe hauko hosteli. Mpe hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Konyagi ina asilimia 35, kwa hiyo kichupa cha mililita 200 kinabeba mililita 70, karibu sawa na bia tatu. Vijana wengi hukimaliza haraka kwa kuwa ni kidogo na kimechanganywa na soda. Ini lina mwendo wake wa kuondoa kilevi. Kahawa wala maji baridi hayaliharakishi.

Kisha mwahidi jambo moja na ulitimize: akikupigia saa nane usiku, utamtumia nauli ya teksi au utamfuata, na maswali yatasubiri kesho. Kijana anayeogopa kugombezwa ndiye anayepanda bodaboda ya dereva mlevi.

Mfundishe pia kuhusu mwenzake. Aliyezimika, haamki akitikiswa, anapumua polepole au anatapika huku amelala, asiachwe peke yake "alale ziishe". Alazwe ubavu, apelekwe hospitali mara moja.

Na kama mwanao hanywi kabisa, mwambie waziwazi kwamba unajivunia. Wengi hawasikii hilo nyumbani.