Kujiundia Ruta ya CNC: Kuanzia Fremu hadi Mkato wa Kwanza

Mwongozo huu ni wa fundi anayetaka kujiundia ruta ya CNC, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, kwa kutumia seti ya vipande yenye reli, skrubu za gololi aina ya SFU1605 (zinazogeuza mzunguko wa mota kuwa mwendo wa kunyooka), mota tatu za hatua za ukubwa wa NEMA 23 na madereva yake, yaani vifaa vya elektroniki vinavyoziendesha, pamoja na bodi ndogo ya Arduino Uno iliyopakiwa GRBL, programu inayogeuza maagizo ya kompyuta kuwa mwendo wa mota.

Hatua ya 1: Fremu

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka hata kidogo. Mashine yangu ya kwanza niliifunga kwa siku moja kwa hamu ya kuona mota zikizunguka, na mlango wa kabati wa kwanza niliokata ulitoka umekwenda upande kwa milimita 4, ikanibidi nilegeze kila bolti na kuanza upya. Weka fremu juu ya meza iliyonyooka, kaza bolti nusu tu, kisha pima ulalo wa pande zote mbili, kutoka pembe hadi pembe. Fremu ya milimita 600 kwa 800 ikiwa na pembe mraba sawasawa, kila ulalo utakuwa milimita 1,000. Ulalo mmoja ukizidi, funga klampu ndefu kwenye pembe zake mbili, ubane kidogo kidogo huku ukipima, na usikaze bolti mpaka vipimo viwili vilingane.

Hatua ya 2: Reli na daraja

Reli ya kwanza ifungwe na kukazwa kabisa. Ya pili iachwe na bolti zilizolegea, kisha uweke daraja, yaani boriti inayobeba ruta yenyewe (mota inayozungusha biti, kile chuma cha kukatia), na kulisukuma kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila linapofika, kaza bolti ya reli iliyo karibu nalo, kwa kuwa daraja lenyewe ndilo linaloonyesha nafasi halisi inayotakiwa kati ya reli hizo. Likienda laini mahali pamoja na kukwama kwingine, reli hazijawa sambamba, na mota yenye nguvu haiponyi kasoro hiyo bali huificha tu. Skrubu za gololi zifungwe baada ya hapo.

Hatua ya 3: Umeme

Mota yenye waya nne ina koili mbili, na rangi za waya hazifanani kwa watengenezaji wote. Kabla ya kuunganisha chochote, gusanisha waya mbili na uzungushe shafti kwa vidole: ikiwa nzito ghafla, waya hizo ni za koili moja. Weka mkondo wa dereva usizidi ule ulioandikwa kwenye mota, na usichomoe waya wa mota wakati umeme umewaka, kwani dereva huweza kuungua papo hapo. Waya za swichi za mwisho, zile zinazosimamisha mashine inapofika ukingoni, zipite mbali na waya wa ruta, la sivyo mashine itasimama yenyewe katikati ya kazi. Swichi kubwa nyekundu ya dharura ikate umeme wa mota na wa ruta kwa pamoja, nayo iwe mahali mkono unapofika bila kupita juu ya biti.

Hatua ya 4: Kuipa mashine vipimo

Mota hizi huenda hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Dereva akipangwa kugawa kila hatua mara 8, zinakuwa 1,600, na kwa kuwa SFU1605 husogeza milimita 5 kwa mzunguko, jibu ni hatua 320 kwa milimita. Katika mipangilio ya GRBL andika $100=320 kwa mhimili wa X, kisha $101 na $102 vivyo hivyo kwa Y na Z.

Sasa funga kalamu mahali pa biti na uchore mraba wa milimita 200. Ulalo wake uwe milimita 282.8 pande zote mbili. Ukitofautiana, rudi kwenye daraja na fremu, wala usiguse namba za GRBL. Chora na duara pia. Likitoka na sehemu bapa pale mhimili unapogeuza mwelekeo, kuna nati au beringi inayocheza.

Hatua ya 5: Mkato wa kwanza

Anza na plaiwudi, si mninga. Kwa biti ya milimita 6 yenye makali mawili, mimi huanza na mizunguko 12,000 kwa dakika, mwendo wa milimita 1,200 kwa dakika, na kina cha milimita 2 kwa kila mpito. Vaa miwani na barakoa ya vumbi, bana ubao kwa klampu nne, kisha simama karibu na swichi nyekundu huku ukitazama kinachotoka. Chembe zenye umbo zinaonyesha kwamba biti inakata. Vumbi laini na harufu ya kuungua vinaonyesha kwamba inasugua, basi punguza mizunguko au ongeza mwendo kabla makali hayajaharibika.