Somo: kuchambua kazi za duka la mteja kwa SCOR kabla hujagusa programu ya mauzo na stoku

Wakuu, hili nimeulizwa inboksi mpaka nimechoka. Naandika mara moja.

SCOR ni ramani ya kazi za ugavi, ilianza 1996: kupanga, kununua, kuzalisha, kupeleka, na baadaye ikaongezwa kurudisha. Toleo la 2022 limepanga mafungu upya, njia ni ileile. Mfano wangu ni duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Dar.

1. Chagua fungu moja. Anza na kupeleka: oda mpaka hela.

2. Chapa hatua zake za SCOR kwenye jedwali, safu ya pembeni iache wazi ya kujazia kinachofanyika kweli.

3. Ongea na bosi nusu saa. Atakueleza duka analolitamani.

4. Shinda stoo siku nzima. Hapa ndipo nilipoharibu. Jedwali nililijazia ofisini, kwenye kiyoyozi, na bosi na mhasibu. Kwenye kuhakiki oda kuna kuangalia kama mteja anakopesheka. Nikauliza, "Hii ipo?" Bosi, "Ipo." Nikatia vema. Tukaseti programu mzigo usitoke bila malipo. Jumatatu saa tatu mafundi wamejaa kaunta, maguta matupu nje. Kumbe pale fundi anachukua saruji kwa mali kauli, analipa akilipwa saiti. Mkopo wote ulikuwa kwenye daftari la kaunta lililofungwa mpira wa tyubu, na stoo kipa ndiye anayejua nani anaaminika. ONYO: "ipo" si jibu. Uliza anafanya nani, anaandika wapi, na asipokuwepo inakuwaje.

5. Stoo kipa asome jedwali kabla ya bosi.

MASWALI

— Mkuu nirushie tempuleti.
Hatua ya 2.

— Mteja wangu ana saluni, nayo inaingia?
Kwa kulazimisha. Chukua PCF, orodha ya kazi za biashara ya shirika la APQC, toleo la sekta zote, kupakua ni bure. Ina mafungu 13, usiyajaze yote. Wateja, huduma, watu na fedha yanakutosha.

— Kupoteza muda tu huku. Mimi naseti programu, mteja atazoea.
Sawa. Mafundi wa Jumatatu nao niliambiwa watazoea.

— Nilikaa stoo, wote wakaanza kufanya kazi kama wako kwenye mtihani. Ulifanyaje?
Swali zuri dada. Sema mapema kwamba hutoki TRA, kwa watu wa kodi. Kompyuta iache kwenye begi, saidia kuhesabu misumari. Ikifika saa nane wamechoka, wamekusahau, ndipo utaona mzigo unavyotoka kweli. Na ukipiga picha daftari, funika majina ya wadaiwa.

— Hapohapo stoo uliza vipimo. Nondo zinaingia kwa tani, zinatoka kwa vipande, stoku haikai sawa.
Kweli kabisa. Nondo ya milimita 12, urefu mita 12, ina kilo 10.7 hivi, kwa hiyo tani ni kama vipande 93 au 94. Ukihesabu 100, programu haina kosa, nondo ndizo nyembamba.