Kipimo cha haraka cha magonjwa ya ngozi yaliyosahaulika, usianze na stripu

Wengi wanakimbilia kutengeneza stripu, kile kikaratasi kinachotoa mistari ya majibu, mi nasema anza na mhudumu aliyekaa na mgonjwa mwenye kidonda, mwulize jibu likitoka ndiyo au hapana utafanya nini tofauti? Kama ni dawa ileile tu, hicho kipimo hakina kazi.

Halafu jua unatafuta nini mwilini, hapa ndo watu wanakwama sana. Buba ina nafuu, kingamwili, yaani kinga ambazo mwili unatengeneza dhidi ya kijidudu, zipo kwenye damu na tone la kidoleni linatosha, ila zile za treponema, bakteria wa buba, zinabaki miaka hata mtu akishapona, so unahitaji mistari miwili ya majibu, mmoja wa kuonyesha aliwahi kuambukizwa na mwingine wa ugonjwa uliopo sasa hivi. Na ujue haitakutofautishia buba na kaswende. Kidonda cha Buruli ndo shughuli nyingine kabisa, yule bakteria anatoa sumu inaitwa mikolaktoni, ni molekuli ndogo ya mafuta na mwili hauitengenezei kingamwili kirahisi, kwa hiyo usihangaike na damu, itafute sumu yenyewe kidondoni, pitisha swabu, kile kijiti chenye pamba, chini ya ukingo pale ngozi imeliwa kwa ndani, sio katikati. Ukoma nao, kingamwili za PGL-I, mafuta ya bakteria wa ukoma, zinaonekana vizuri kwa wenye bakteria wengi, mwenye madoa mawili matatu anaweza kutoka hasi na anaumwa.

Sasa hesabu, tafadhali usiiruke. Umepima watu 1000, wagonjwa ni 10, na kipimo chako kinawapa asilimia 95 ya wazima jibu sahihi la hasi, unaona ni kizuri eeh? Kati ya wale wazima 990, karibu 50 wataambiwa wanaumwa! Yaani hata ukiwanasa wagonjwa wote 10, wengi wa waliotoka chanya hawana kitu, na mtu kuambiwa ana ukoma wakati hana, jamani, anaweza kutengwa na watu wake.

Mwisho peleka kipimo chako kwenye joto na unyevu, bila friji, wape wahudumu wenyewe wasome kwenye mwanga hafifu, wewe nyamaza uangalie wanakosea wapi. Andika dakika za kusoma majibu kwa herufi kubwa, maana stripu ikiachwa muda mrefu inaweza kutoa mstari wa uongo. Na waeleze kwamba mstari wa kontroli unaonyesha kipimo kimefanya kazi, hausemi kama swabu ilipita mahali sahihi.